Binti Akivunja Ungo, Tusimkalishe Kitako



Ndugu wasomaji, wiki chache zilizopita tulikwenda kumzuru nyanya mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, aliyekuwa amerudi nyumbani kutoka hospitali. Siku ya ajali aliamka kabla ya alfajiri kama ilivyo ada yake, akaenda kutawadha, mguu ukateleza kwenye sakafu iliyolowa, akaanguka ubavu. Anguko lenyewe halikuwa kubwa. Mtoto angelisimama, akajikung'uta na kucheka. Yeye hakuweza kusimama. Mfupa wa nyonga ulikuwa umevunjika, na tangu siku hiyo mwanamke aliyelea watoto saba na wajukuu wasiohesabika hashuki kitandani ila kwa kushikwa mikono na watu wawili.

Karibu na kitanda chake alikuwa ameketi mjukuu wake wa miaka 13, macho yakiwa kwenye simu. Binti huyu tunamjua. Mwaka jana ndiye aliyekuwa bingwa wa kuruka kamba katika kichochoro chao, na wenzake walikuwa wakichoka kumhesabia kabla yeye hajachoka kuruka. Tulipomwuliza mamake mbona siku hizi hatumwoni nje, alitujibu kwa sauti ya chini: "Amekuwa mkubwa sasa. Amevunja ungo mwezi wa Rajabu. Babake hataki tena kumwona akirukaruka njiani."

Nyanya, ambaye tulidhani amelala, akafumbua macho. "Mwanangu," akamwambia mama wa binti, "hata mimi niliwekwa ndani nilipokuwa kama huyu. Lakini ndani mle mlikuwa na kinu, mlikuwa na kisima, na mlikuwa na ngazi za kupanda na ndoo ya maji kichwani. Nyinyi mmemweka ndani, mkasahau kumwekea kinu."

Sote tulicheka. Tulipofika njiani tukajikuta hatucheki tena, kwani maneno yale yalikuwa na ukweli mzito kuliko mzaha uliyoyabeba. Ndiyo tuliyoyaleta katika safu yetu ya wiki hii: je, tunapowaambia binti zetu kwamba wamekuwa wakubwa na sasa watulie, tunaifanyia nini mifupa yao?

Mfupa ni kitu kilicho hai

Wengi wetu huufikiria mfupa kama boriti la nyumba: likishapandishwa limepandishwa, na kazi yake ni kukaa pale pale hadi nyumba ibomoke. Sivyo. Mfupa una damu, una neva, na una mafundi wake wasiolala. Wapo mafundi wanaobomoa sehemu zilizochakaa, na wapo wanaojenga upya. Utotoni na wakati wa kubaleghe wajenzi huwashinda wabomoaji, na kwa hiyo mfupa hurefuka, hunenepa na kushiba madini. Katika utu uzima makundi hayo mawili hukaribiana nguvu. Mwanamke akifikia ukomo wa hedhi, homoni iliyokuwa ikiwazuia wabomoaji hupungua, nao huanza kushinda. Ndipo mfupa hupoteza uzito kimyakimya, bila maumivu na bila dalili, hadi siku ya kuteleza bafuni. Hali hiyo madaktari huiita osteoporosisi, yaani mifupa kuwa na vishimo vingi ndani na kuvunjika kwa urahisi. Wakfu wa Kimataifa wa Osteoporosisi unakadiria kwamba, duniani kote, mwanamke 1 katika kila 3 waliopita umri wa miaka 50 atavunjika mfupa kwa sababu hiyo.

Hapa ndipo binti wa miaka 13 anapoingia katika habari ya nyanya yake. Tuuchukue mfupa kuwa ni kibubu. Kila mtu hujaliwa kibubu chake, na kila mmoja atakitegemea uzeeni. Lakini msimu wa kukijaza ni mfupi. Takriban robo ya madini yote ya mifupa ya mtu mzima huingia katika miaka miwili hivi inayozunguka kile kipindi cha kukua kwa kasi, ambacho kwa wasichana wengi huwa kati ya miaka 11 na 14. Msichana anapofikia miaka 18, karibu asilimia 90 ya akiba yake imekwisha kuwekwa. Kilichobaki hukamilika polepole katika miaka ya ishirini, na baada ya hapo kazi ni kulinda kilichopo.

Basi tazameni, wazazi wenzetu, mambo mawili yanavyokutana. Mwaka ule ule ambao mwili wa binti umefungua mlango wa akiba kwa upana usiopata kuwa, na ambao hautapatikana tena, ndio mwaka ambao sisi humwambia akae kitako.

Mzigo ndio unaojenga

Mwaka 1892 daktari mpasuaji wa Kijerumani, Julius Wolff, alieleza kwamba mfupa hujijenga kwa kufuata mzigo unaobebeshwa. Ukiutwisha, hujiimarisha pale panapoelemewa. Ukiupumzisha kupita kiasi, hujipunguza, kwani mwili hauna desturi ya kugharimia kitu kisichotumika. Ushahidi wa wazi kabisa umetoka mbali na ardhi yetu. Wanaanga wanaokaa miezi kadhaa angani, ambako mwili hauhisi uzito wake, hupoteza takriban asilimia 1 ya madini ya mifupa ya nyonga kwa kila mwezi, ingawa ni watu wazima wenye afya njema na chakula cha kutosha. Kilichokosekana kwao ni mzigo tu.

Ushahidi wa pili unatuhusu zaidi. Mwaka 1995 watafiti wa Ufini walichapisha matokeo ya kuwapima wanawake wanaocheza tenisi na skwoshi. Waliulinganisha mkono unaoshika raketi na ule usioshika, na hivyo kila mwanamke akawa anapimwa kwa nafsi yake mwenyewe. Mkono wa kuchezea ulikuwa na mfupa wenye madini mengi zaidi, jambo lililotarajiwa. La kuzingatiwa ni hili: kwa wale walioanza kucheza kabla ya hedhi ya kwanza au wakati wake, faida hiyo ilikuwa takriban mara mbili ya ile ya walioanza baadaye. Mazoezi yale yale yalileta faida tofauti, na kilichotofautisha ni umri wa kuanza.

Je, ni mazoezi gani? Mfupa hupenda mshindo mfupi, wa nguvu kiasi, unaorudiwa mara kwa mara na unaobadilika mwelekeo. Kuruka kamba, kukimbia na kugeuka ghafla kama katika mchezo wa kati, kurukia mguu mmoja katika vyumba vilivyochorwa kwa chaki, netiboli, mpira wa kikapu, voliboli, kupanda ngazi, na kubeba vitu vya uzito wa wastani, yote haya huuamsha mfupa. Kuogelea na kuendesha baiskeli ni mambo mema kwa moyo na mapafu, lakini maji na kiti hubeba uzito wa mwili badala ya miguu, na hivyo faida yake kwa mifupa ni ndogo. Kutembea ni bora kuliko kuketi, ila hakutoshi peke yake kwa mtoto anayekua.

Wala haihitajiwi siku nzima. Katika shule za mkoa wa British Columbia nchini Kanada, watafiti waliwaomba watoto wa miaka 10 hivi waruke juu mara 10 kila kengele ilipolia, mara 3 katika siku ya shule. Jumla yake ilikuwa kama dakika 3 kwa siku. Baada ya miezi 8, watoto hao walikuwa wameongeza madini katika mifupa ya nyonga kuliko wenzao wasioruka. Sababu yake inajulikana: mafundi wa mfupa huitikia mishindo ya mwanzo, kisha husikia kidogo kidogo, na baada ya kupumzika kwa saa kadhaa huwa tayari kuitikia tena. Kwa hiyo kuruka kidogo mara tatu kwa siku kunafaa kuliko kuruka sana mara moja kwa wiki.

Sasa tunayaelewa maneno ya nyanya. Mwari wa zamani hakuonekana njiani, ni kweli. Lakini kila asubuhi aliushika mchi, akauinua na kuushusha mara mia. Alivuta maji kisimani, akapanda nayo ngazi, akachuchumaa kukuna nazi na kusimama tena. Aliwekwa ndani pamoja na kazi yake. Leo maji hutoka bombani, nazi husagwa kwa mashine, tuktuk humchukua binti mlangoni na kumrudisha mlangoni, na simu humletea dunia nzima kitandani. Hatusemi turudi kwenye kinu. Wanawake wa enzi zile walichoka, na hakuna anayewatamanishia binti zake uchovu ule. Tunasema kwamba tumeidumisha nusu ya desturi na kuiacha nusu iliyokuwa ikiulinda mwili.

Stara haijapata kuwa adui wa harakati

Msidhani kwamba jambo hili ni la mwambao wetu pekee. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kila mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kuutumikisha mwili kila siku, na angalau siku 3 za wiki ziwe na mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa. Takwimu za mwaka 2016, zilizokusanywa kutoka nchi 146, zilionyesha kwamba vijana 81 katika kila 100 wa umri wa miaka 11 hadi 17 hawakifikii kiwango hicho. Kwa wasichana walikuwa 85 katika kila 100. Kila jamii ina sababu zake za kumkalisha binti. Sisi tuna zetu, na tuzitazame kwa uwazi.

Sababu ya kwanza ni stara, na stara ni jambo la kuheshimiwa. Baba asiyependa kumwona binti yake aliyebaleghe akirukaruka mbele ya wapita njia hana kosa. Swali ni je, akishamwondoa njiani, amempeleka wapi? Tukumbuke habari iliyopokewa na Abu Dawud na Imam Ahmad, ya Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, kushindana mbio na Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, wakiwa safarini. Mara ya kwanza Bibi Aisha alimshinda, na mara nyingine, mwili wake ulipokuwa umenenepa, Mtume akamshinda, akamtania kwamba hii ni badala ya ile. Katika mapokezi ya Imam Ahmad limo jambo ambalo aghalabu hatulitaji: kwanza Mtume aliwaambia watu watangulie mbele. Faragha ilipatikana, kisha mbio zikakimbiwa. Faragha haikuzifuta mbio. Sisi si watu wa kutoa fatwa, na mambo hayo tunawaachia masheikh zetu, lakini mpangilio huo unatosha kutufunza adabu ya jambo lenyewe: tutafute mahali, tusiufute mchezo.

Na mahali papo. Nyumba nyingi za miji yetu zina paa tambarare lenye ukuta, nyingine zina ua wa ndani, nyingine zina ukumbi mrefu usio na kazi baada ya alasiri. Madrasa zina mabaraza ambayo huwa matupu saa fulani. Akina mama watatu wakishirikiana, mmoja akitoa ua, wa pili akisimamia na wa tatu akileta mpira, mabinti kumi watakuwa wamepata uwanja. Suruali pana, kanzu isiyobana na mtandio uliofungwa vyema au hijabu ya michezo havimzuii mtu kuruka. Mwaka 2014 Shirikisho la Soka Duniani, FIFA, liliruhusu rasmi wachezaji kufunika vichwa, na mwaka 2016 Ibtihaj Muhammad wa Marekani alipigana kwa kitara katika Olimpiki ya Rio akiwa na hijabu yake, akarudi na nishani ya shaba ya timu. Hatutaji hayo ili kila binti awe mwanamichezo wa dunia. Tunataja ili isisemwe kwamba nguo ndiyo kikwazo.

Sababu ya pili husemwa kwa kunong'onezana. Wapo akina mama wanaohofu kwamba kuruka kutaudhuru ubikira wa binti au kutashusha kizazi chake. Tuseme waziwazi, kwani hii ni safu ya familia na hakuna aibu katika kutaka elimu. Madaktari wanaeleza kwamba utando ule hutofautiana baina ya msichana na msichana tangu kuzaliwa, na kwamba hali yake si ushahidi wa mwenendo wa mtu yeyote. Usafi wa binti umo katika tabia na dini yake, na kamba haina uwezo wa kumwondolea. Ama kizazi cha msichana mwenye afya, hakidhuriwi na kuruka wala kukimbia. Hedhi nayo si ugonjwa. Akiwa na maumivu apumzike, asipokuwa nayo acheze kama siku nyingine.

Sababu ya tatu iko shuleni. Mara ngapi kipindi cha michezo kimegeuzwa kuwa kipindi cha hesabu? Mara ngapi msichana amebaki chini ya mwembe kwa kuwa hana nguo ya kumsitiri, hana mahali pa kubadilishia, au wavulana wamejaa ukingoni wakitazama? Mambo haya hayatengenezwi na msichana wa miaka 13. Hutengenezwa na wazazi wanaosimama katika mkutano wa shule na kuomba, kwa adabu na kwa kurudia, sare ya michezo yenye stara, saa ya wasichana peke yao, na mwalimu wa kike wa kuwasimamia.

Chakula na jua

Mafundi hawajengi bila mawe na chokaa. Mazoezi yanauamuru mfupa ujijenge, na chakula ndicho kinacholeta vifaa. Msichana wa miaka 9 hadi 18 hushauriwa apate takriban miligramu 1,300 za madini ya kalisiamu kila siku, kiasi ambacho kinazidi kile cha mamake. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina kama miligramu 300. Chai ya maziwa nusu kwa nusu ina nusu ya hicho, na chai ya rangi haina kitu. Ambaye maziwa humvuruga tumbo, aghalabu mtindi na maziwa lala humpokea vyema zaidi. Dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao ni hazina iliyo rahisi. Uji wa wimbi, ufuta usiokobolewa, sukuma wiki na ubuyu navyo vina kalisiamu nzuri, ingawa ule ubuyu uliopikwa kwa sukari na rangi nyekundu tuufanye kuwa wa siku maalumu. Mchicha una manufaa mengine mengi, lakini una asidi inayoishika kalisiamu yake isitumike vizuri, basi usiwe tegemeo la pekee. Soda haiui mfupa kwa usiku mmoja. Dhara yake kubwa ni kukaa mahali pa maziwa, siku baada ya siku.

Katika mwezi wa Ramadhani kibubu hakifungwi. Glasi ya maziwa wakati wa futari, mtindi wakati wa daku na samaki katikati huweza kulikidhi hitaji, na kuruka kidogo kunafaa baada ya futari kutulia, si mchana wa kiu.

Vitamini D ndiyo inayoifungulia kalisiamu mlango wa kuingia mwilini, na ngozi huitengeneza yenyewe kwa mwanga wa jua. Mtu angedhani kwamba sisi tunaoishi karibu na ikweta hatuwezi kuikosa. Lakini nchi za Ghuba nazo zina jua kali, na bado upungufu wa vitamini hiyo umeonekana kwa wanawake wengi huko, kwa sababu jua linalobaki nje ya nyumba na nje ya nguo halina faida kwa ngozi. Ngozi nyeusi nayo huhitaji muda mrefu zaidi kuliko nyeupe. Dawa yake ni ile ile faragha tuliyoitaja. Binti akicheza juu ya paa au uani, mbele ya wanawake wenzake, mikono na miguu ikiwa wazi kwa dakika 20 hivi mara kadhaa kwa wiki, atakuwa amepata kamba na jua kwa pamoja.

Tahadhari

Tusiendeshe jambo jema hadi likawa baya. Msichana anayejinyima chakula ili awe mwembamba, na papo hapo akafanya mazoezi mengi, huweza kukatikiwa na hedhi, na homoni ikipungua mifupa hudhoofika badala ya kuimarika. Hedhi ikikosekana miezi 3 mfululizo, au ikiwa haijaanza binti akifikia miaka 15, apelekwe kwa daktari. Vivyo hivyo anayevunjika mara kwa mara kwa maanguko madogo, au mwenye maumivu ya mfupa yasiyokwisha yanayomwamsha usiku. Mabinti wenye selimundu, pumu au maradhi ya moyo wasinyimwe harakati, ila kwanza daktari aulizwe kiasi kinachowafaa.

Tena tunawasihi mabinti zetu wakubwa wajiepushe na vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa bila cheti cha daktari. Dawa za jamii ya steroidi zina kazi yake hospitalini, lakini zikimezwa muda mrefu bila usimamizi huibomoa mifupa, na uso uliojaa leo unaweza kuwa mgongo uliopinda kesho. Sigara na shisha nazo ni katika wabomoaji.

La kuanza nalo wiki hii

Tusiandike mipango mikubwa isiyotekelezwa. Kila nyumba yenye binti wa miaka 10 hadi 17 itafute kamba. Aruke mara 10 kabla ya kwenda shule, mara 10 akirudi, na mara 10 kabla ya magharibi. Atue kwa nyayo, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, juu ya sakafu kavu isiyoteleza. Baada ya mwezi, Inshallah, azidishe awezavyo. Siku mbili za wiki apate mchezo wa pamoja na wenzake mahali penye stara. Glasi ya maziwa au bakuli la mtindi lisikosekane mezani. Na mama, ikiwezekana, aruke naye, au angalau apande naye ngazi, kwani mifupa ya mama nayo inahitaji kulindwa, na mtoto hufuata anachokiona kuliko anachoambiwa. Aliye na binti wa miaka 17 asiseme amechelewa, maana mlango haujafungwa. Umepungua upana tu.

Katika Qur'ani Tukufu, mwanzoni mwa Sura ya Maryam, Nabii Zakariya alipomwomba Mola wake, jambo la kwanza alilolilalamikia katika uzee wake ni kulegea kwa mifupa. Udhaifu huo ni katika maumbile ya mwanadamu, na hakuna mazoezi yatakayoufuta. Nyanya yetu alitwanga na kuchota maji miaka mingi, na bado alivunjika. Lakini yeye mwenyewe alituambia hivi alipokuwa akitusindikiza kwa macho: "Mimi nimevunjika nimepita themanini, alhamdulillahi. Huyu akikaa hivi, atavunjika hamsini." Mwili ni amana, na katika kuitunza amana ya mtoto asiyejua bado thamani yake, sisi wazazi ndio tutakaoulizwa.

Juzi tulipita tena kumjulia hali. Hajasimama, na daktari hakumwahidi kwamba atatembea kama zamani. Baba wa binti tulimkuta barazani. Alitwambia kwamba aliyaogopa maneno ya mtaa, na kwamba bado anayaogopa, lakini amenunua matofali, ameongeza ukuta wa paa kwa mistari miwili. Tulipoketi kando ya kitanda tulisikia kitu kikigonga juu, tap, tap, tap, kisha kikanyamaza, kisha kikaanza tena.

"Thelathini na nne," akasema nyanya, macho yakiwa darini. "Jana alifika ishirini."

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amponye nyanya huyu na wagonjwa wetu wote, awape mabinti zetu nguvu katika dini na katika miili yao, na atujaalie wazazi wenye kuwatafutia mahali pa kukua. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.